Chuo Nilichokicheka Miaka Yote

Nashipae,

Umeenda kusukwa na nimebaki na nyumba peke yangu, maana baba yako bado hajarudi kutoka soko la mbuzi la Kajiado. Nikimaliza kuandika nitaiweka hii kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku lako, pale unapoweka chaja, kwa hivyo najua utaiona hata kama hutaki. Unaweza kuitupa. Ila nakujua, utaisoma kwanza halafu ndiyo uitupe, kwa sababu wewe ni mtu wa kutaka kujua mambo, na hilo ulilitoa kwangu.

Sitakuambia ufue nini na siku gani. Habari za sufuria na blanketi na kufunga mlango wa hosteli utaambiwa na baba yako njiani mpaka masikio yakuchoke. Mimi niko na maneno mengine, na mengi si matamu. Kesho unaondoka na umesema nisikusindikize. Nimesikia. Ulipiga mlango wiki iliyopita ukasema mimi sielewi kitu, na hilo ndilo linalonifanya nikae hapa mezani na kalamu, kwa sababu naelewa kila kitu, na nataka ukiondoka uondoke ukijua hivyo.

Wacha nianze na ya kukuumiza ili tumalizane nayo. Wewe si mwerevu kama unavyodhani. Kuna watoto nimefundisha hapa Kitengela ambao wangekushinda wakiwa na homa. Zile alama ulizipata kwa sababu ulikuwa na mama mwalimu, meza yako mwenyewe na stima isiyokatwa, na mtu wa kukunyima simu. Na una kiburi. Watu husema umekitoa kwa ukoo wa baba yako, lakini mimi na wewe tunajua kimetoka wapi.

Kazi yangu unaijua. Mimi ndiye mwalimu wa kuwachagulia watoto kozi na vyuo hapa shuleni. Kila mwaka matokeo yakitoka wazazi wanakuja kuketi kwenye benchi nje ya ofisi yangu, waniulize mtoto wao ataingia wapi. Pointi za kuingia za kila kozi niko nazo kichwani, vile akina mama wengine wanavyojua bei ya sukari katika kila duka.

Na unajua vile vyuo viwili vinavyogombaniwa. Vyote ni vya serikali, vyote vinafundisha uuguzi na ualimu na mengine yote, na wahitimu wao wanakutana kwenye foleni moja ya kutafuta kazi. Ila kimoja kinataka pointi nyingi na kingine kinachukua na pungufu kidogo. Mimi ndiye niliyevibatiza Cha Juu na Cha Chini, shule nzima ikashika, hata mkuu wa shule anaviita hivyo kwenye mkutano wa wazazi. Kila mwaka nachora mstari katikati ya ubao, huku Cha Juu, huku Cha Chini, nalinganisha kozi kwa kozi. Nikifika upande wa Cha Chini nasema maneno yangu yale: "Hiki hata ukianguka getini, unaamkia ndani umeshasajiliwa." Darasa linavunjika mbavu. Yule mtoto aliyekuwa amepanga kukijaza anacheka kuliko wote, ili asijulikane. Nilikuwa namwona, Nashipae. Kila mwaka nilimwona, na nikaendelea kuchora.

Purity alikuwa mmoja wao. Alikutangulia madarasa manne, akawa anakuja hapa Jumamosi kukuonyesha hesabu na kula chapati zetu, ukamwita dada. Alipopata nafasi ya ualimu Cha Chini alikuja ofisini kwangu mbio, hata hodi hakupiga. Nilimwacha aongee mpaka amalize, halafu nikamwambia, "Wewe na akili yako yote unaenda kukaa na watu waliokosa pahali? Rudia mtihani." Alirudia. Mwaka huo alama zake zilishuka, na pointi za Cha Juu zikapanda. Akarudia tena. Baada ya hapo hakuja kuniuliza kitu, na mimi sikumtafuta.

Ya Illasit ulikuwepo. Matokeo yako yalikuwa yametoka, tukaenda Loitokitok kumwonyesha kokoo wako, mama yangu, na kesho yake tukapitia Illasit sokoni kununua vitunguu. Purity alikuwa pale na wanawake wengine akipanga nyanya kwenye kreti, mtoto mgongoni. Alituona kabla hatujamwona.

"Supa Nashipae! Mwalimu, ni wewe kweli? Karibuni, karibuni kwangu."

Akatuchagulia nyanya nzuri, akakataa tusilipe, akauliza alama zako, na ulipomtajia akakukumbatia pamoja na mtoto wake. Halafu akanigeukia.

"Mwalimu, na zile pointi za Cha Juu, zimeshuka ama bado?"

Wale wanawake walicheka bila kujua wanacheka nini. Na mimi nikacheka. Nikamwambia bado, avumilie kidogo. Wewe hukucheka. Tulipokuwa tunapanda kurudi kwa kokoo ukaniuliza kama nilishawahi kumwomba Purity msamaha, nami nikakujibu, "Kwa kosa gani? Mimi nilishauri. Aliyefeli ni yeye." Sasa nimeandika maneno yangu yalivyo, sijayapunguza makali, ili usiseme nimejipamba.

Uuguzi wa Cha Juu ulikuwa umeujaza kama chaguo la kwanza mimi nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chako. Kwa hivyo ujumbe ulipokuja kwenye simu kwamba umeitwa Cha Chini, nilijua kuna mtu amekosea huko ofisini. Nilipiga hesabu ya pointi zako upya, nikapiga tena. Zilikuwa zinatosha, na zingine zikabaki. Nikaanza kupiga simu. Siku mbili nilipiga simu kwa kila mtu ninayemjua na nisiyemjua, nikinyenyekea kwa vijana ambao ningeweza kuwa nimewafundisha, wewe ukiwa umeketi hapo mkabala nami ukila ugali wako pole pole. Halafu siku ya pili jioni ukaosha mikono.

"Usisumbue watu bure, Yeyo. Nilibadilisha mwenyewe."

Nikakuuliza ulibadilisha lini. Ukasema ni ile wiki tuliyotoka Illasit, wakati nafasi ya kubadilisha machaguo ilipofunguliwa. Nikakuuliza ni kwa nini.

"Nataka kusoma mahali wewe hujawahi kusifu. Nikifaulu huko hakuna mtu atasema ni jina la chuo limenibeba. Na kila siku ukiamka utakuwa na mtoto Cha Chini."

Nilikuambia bora ungefeli, kwa sababu mtoto aliyefeli ningejua vile ningemweleza kwa watu. Baba yako alitoka nje akaenda kuangalia gari ambalo halikuwa na shida yoyote. Maneno yale siwezi kuyarudisha, na nikisema kwamba sikuyamaanisha nitakuwa nakudanganya. Siku hiyo niliyamaanisha.

Lakini na wewe usijione malaika. Siku mbili uliniacha nibembeleze watu kwenye simu, na ulifurahia. Nilikuona. Ulikuwa ukitafuna kama mtu anayesikiliza mpira kwenye redio na timu yake inashinda. Tena Purity hakukutuma. Unaenda Cha Chini na jina lake mdomoni, lakini tangu siku ile ya nyanya hujampigia simu hata mara moja, maana mwezi uliopita alinipigia mimi kuuliza ulipata wapi. Ulimchukua tu ukanipiga naye. Hiyo ni kazi yangu, ninaijua nikiiona.

Sasa ile Jumapili ya shukrani. Unajua kanisa letu lilivyo: mtoto akiitwa chuo, anasimama mbele na mzazi wake, mzazi anashika maiki anataja chuo na kozi, mchungaji anawaombea, akina mama wanaleta blanketi na beseni. Na unajua vile vigelegele vinavyopimwa. Mama Njeri wa hardware alitangulia na mtoto wake Brayo. Alitaja Cha Juu na kanisa likalipuka, ingawa kozi yenyewe ni ile ambayo kila mwaka inabaki na viti vitupu, na ni mimi niliyemtafutia ili tu jina la chuo lipatikane. Halafu kabla yetu akaja msichana mmoja wa Cha Chini. Walimpigia makofi. Makofi tu, ya adabu, kama ya kumpa pole.

Nikashika maiki nikasema, "Nashipae wetu ameitwa uuguzi," nikataja Cha Juu.

Ulikuwa umesimama kando yangu na lile gauni la kitenge tulilokushonea. Ulipokea blanketi la watu kwa mikono miwili na ukapiga goti, na vigelegele vikaendelea mpaka nje. Mama Njeri akaja kutukumbatia, akasema kumbe wewe na Brayo mtakuwa pamoja, mtasindikizana. Ukamwambia asante.

Nyumbani hukulia. Ulikunja lile gauni, ukaja ukasimama kwenye mlango wa jikoni.

"Mwalimu, umenifukuza kwa chuo changu mbele ya kanisa zima." Ukinikasirikia huniiti Yeyo, unaniita Mwalimu, na hiyo nilikuwa nimeizoea. "Jumapili ijayo utasimama utasahihisha. Ukitaja chuo changu kwa ile maiki, utanipeleka. Usipotaja, nitaenda na baba."

Nikasema sawa. Nilisema sawa nikijua ni jambo dogo, neno moja tu la kusema kanisani. Wiki nzima nilikuwa nalifanyia mazoezi, na wiki hiyo nzima nikajikuta nafikiria hosteli yangu ya zamani, na kitu ambacho hata baba yako sijamwambia.

Unajua nilisoma Cha Juu. Kila mtu anajua, nimehakikisha. Kitu ambacho hamjui ni kwamba enzi zetu wasichana walikuwa wanakubaliwa na pointi pungufu kuliko wavulana, ili na sisi tupate kuingia. Mimi niliingia kwa mlango huo. Bila ile nafuu ningeachwa nje. Kokoo wako alichinja mbuzi, wazee wa Loitokitok wakanibariki, na hakuna aliyeniuliza ni pointi ngapi, kwa hivyo sikusema. Lakini chumbani nilipangwa na msichana mmoja aliyetoka shule kubwa, na yeye alikuwa ameziona pointi zangu zilivyobandikwa ubaoni. Wiki ya kwanza akanipa jina. Akaniita Nafuu. "Nafuu, funga dirisha." "Nafuu, leo umeelewa lakini?" Likaenea korido nzima. Wengi hawakujua lilitoka wapi, wakadhani ni jina langu la Kimaasai. Nililiitikia mpaka nikamaliza digrii, na niliimaliza vizuri kuliko yeye.

Sikuandikii haya unihurumie. Kama pale ningejifunza upole ingekuwa habari nzuri ya kuwasomea watu kanisani. Nilichojifunza pale ni namna ya kuwapa watu majina. Nilitoka na digrii na ufundi huo, nikaja kuufanyia kazi hapa Kitengela kwa watoto wasio na uwezo wa kunijibu.

Na kuna jambo lingine nilipaswa kulijua kuliko mtu yeyote, maana ni kazi yangu. Pointi za kuingia hazisemi chuo kinafundisha vipi. Ni pointi za yule mtu wa mwisho aliyekubaliwa, basi. Watu wakikimbilia chuo kimoja kwa sababu majirani wamekisifu, yule wa mwisho anakuwa na pointi nyingi, na mwaka unaofuata wanakimbilia zaidi kwa sababu pointi zimepanda. Mwaka wangu, kwenye kozi yangu, yule wa mwisho nilikuwa mimi. Kila nilipochora ule mstari na kuwaonyesha watoto mlango wa Cha Juu ulivyo mwembamba, nilikuwa nimesimama pale kwa miguu ya mtu aliyepunguziwa. Purity alikuwa na alama nzuri kuliko zangu nilipokuwa kama yeye. Nimelijua hilo tangu siku alipoingia ofisini bila kupiga hodi.

Jumapili iliyofuata, ambayo ilikuwa juzi, nilisimama. Sitaki useme sikusimama. Mchungaji alinipa maiki, nikasema, "Bwana asifiwe. Niko na marekebisho kidogo." Wewe ulikuwa safu ya tatu na ukainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu matokeo yatoke ukaniangalia kama mama yako. Mama Njeri akageuka na tabasamu tayari. Na kule nyuma kulikuwa na benchi mbili za watoto wangu wa kidato cha nne, wamevaa sare, wale niliowaambia habari ya geti wiki hiyo hiyo. Ndiyo, wiki hiyo hiyo, Nashipae. Jumatano nilikuwa nimelisema tena, wakacheka vizuri sana.

Nikafungua mdomo, nikasema safari yako ni Jumatano na si Jumanne kama tulivyotangaza, watuombee njia njema. Nikaketi.

Ulingoja mpaka ibada iishe. Uliwasalimu watu wote pale nje, ukamshikia mama mmoja mtoto akitafuta viatu, ukaja mpaka niliposimama karibu na tangi la maji. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Ningejua la kujibu. Lakini hukuwa hata na hasira.

"Yeyo, pointi hazijafika," ukasema, ukaenda kumtafuta baba yako.

Nimekaa na hayo maneno kuanzia juzi na sijapata mahali pa kuyashika nikayarudisha. Nimefikiria kukuambia kwamba kiwango chako kilikuwa juu sana kwa mtu wa umri wangu na kazi yangu. Halafu nakumbuka ni wazazi wangapi wameniambia hivyo kwenye lile benchi, na vile nilivyokuwa nikiwaangalia.

Utakuwa muuguzi, na utakuwa mzuri, kwa sababu una mkono mtulivu na huogopi harufu. Siku moja utakuwa wodini na wenzako, kutakuwa na mgonjwa mmoja ambaye ni rahisi kumcheka, mwenye kuuliza maswali ya kijinga au kujikojolea, na utajikuta na neno mdomoni ambalo litachekesha wodi nzima. Litakuja lenyewe, umezaliwa nalo. Na ni tamu, sitakuficha. Nimelila miaka yote na bado ni tamu. Sikuambii ulimeze, maana mimi sijawahi kuweza na sitakufundisha nisichokijua. Nataka tu likikujia umwangalie yule mgonjwa usoni kwanza, uone kama na yeye anacheka, na kwa nini.

Mpigie Purity. Usimpigie kumwambia habari zangu. Mimi nitaenda Illasit mwenyewe shule zikifungwa, na sijui nitasema nini nikifika. Huenda nikaishia kununua nyanya.

Nasikia gari la baba yako likipiga kona, kwa hivyo nimalize. Kesho asubuhi nitapika chai na kuifunga ile mikate, halafu nitaenda shuleni kama siku nyingine, kwa sababu nikibaki hapa nitatoka mpaka barabarani na utalazimika kunikataa mbele ya majirani. Sitakulilia kwamba umenionea. Ulipanga kiwango, ukaniambia mapema, ukanipa wiki nzima, na sikukifikia. Wanafunzi wangu sijawahi kuwafanyia haki kama hiyo.

Ukifungua nafasi tena, nitaomba. Inaweza kuwa muhula ujao au siku ya kuvaa joho, wewe ndiye utakayepanga. Watoto wa watu huwa nawaambia wajaze chaguo la kwanza na la pili na la tatu, ili wakikataliwa huku wapokelewe kule. Mimi nilizaa mara moja, Nashipae. Sina kingine cha kujaza.

Mama yako